Resini ya poliesta ya kupimiwa: inatosha kufufua boti kuukuu ya faiba?

Hii ndiyo resini, yaani kimiminika kinachoganda na kushika nyuzi za faiba, inayouzwa kwa kilo kwenye maduka ya faiba. Inachotwa kwenye pipa na kumiminwa kwenye dumu la mteja, kisha anaongezewa chupa ndogo ya hadina, kemikali ya kuigandisha, na mati, shuka la nyuzi za faiba, iliyokatwa kwenye roli. Kwa anayekarabati boti ya uvuvi ya futi 16 hadi 20 kwa mara ya kwanza, jibu letu ni hili: inunue. Itafanya sehemu kubwa ya kazi, na hata ukigandisha ndoo nzima kwa bahati mbaya hutafilisika. Ila ubao wa tezi, ukuta wa nyuma unaobeba injini, na kila mahali mbao inapokutana na faiba, usiuguse kwa poliesta. Hapo lipa bei ya epoksi, resini ya aina nyingine, ingawa kilo yake ni ghali mara kadhaa.

Tuanze na dukani, maana makosa mengi huanzia hapo. Poliesta huzeeka. Ikiwa imetunzwa chini ya nyuzi 25 hukaa takriban miezi sita tangu itoke kiwandani, na stoo ya mabati ya Dar es Salaam au Mombasa haijui nyuzi 25. Uliza tarehe iliyoandikwa kwenye pipa, wala usikubali ile ya kwenye risiti. Resini inayovutika nyuzi kama asali unapoimimina imeanza kuganda yenyewe, iache. Kabla hujanunua ndoo, nunua robo kilo ujaribu: gramu 100 kwenye kikombe, gramu 1.5 za hadina, koroga dakika moja. Kwenye joto la pwani inapaswa kuwa jeli ndani ya nusu saa na kuwa ngumu ya kugonga siku hiyohiyo. Ikilala laini mpaka kesho yake, ama resini imechoka, ama haijatiwa kobalti, kemikali inayoiwezesha hadina kufanya kazi.

Hilo la kobalti lina hatari yake. Resini nyingi huuzwa zikiwa zimeshachanganywa nayo, nazo huwa na rangi ya waridi au zambarau hafifu. Muuzaji akikupa kichupa cha pili chenye maji ya zambarau iliyokolea, maana yake anataka uchanganye mwenyewe. Kobalti na hadina zikikutana zenyewe, bila resini katikati, zinaweza kuwaka au kulipuka. Fundi mzoefu hutia kobalti kwanza, akakoroga hadi iishe, ndipo akatia hadina. Anayeanza hana sababu ya kuingia huko: dai iliyochanganywa tayari, na kama haipo nenda duka jingine.

Hadina ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini. Kwenye nyuzi 30, asilimia 1 inatosha, yaani gramu 10 kwa kilo, karibu mililita 9 kwenye bomba la sindano la famasi. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja na bomba la sindano ni vifaa vya bei ndogo ambavyo wengi hawanunui, wanapima kwa kifuniko cha chupa. Chini ya asilimia 1, resini huganda nje lakini haikomai kamwe, hata ungeianika mwezi. Zaidi ya 2 inachemka, inatoa moshi, na kinachobaki kina nyufa. Usikoroge zaidi ya kilo moja kwa mara moja, na ukishakoroga imwage kwenye beseni pana. Ikibaki imerundikana kwenye kopo, joto lake lenyewe linaiharakisha na inaganda mkononi. Vaa miwani muda wote unapogusa hadina. Tone moja jichoni linaweza kupofusha, na likiingia ni kuosha kwa maji yanayotiririka kwa angalau dakika 15 kisha hospitali bila mjadala.

Harufu kali ya poliesta ni stairini. Barakoa ya kitambaa au ile ya karatasi haizuii mvuke huo hata kidogo. Inayotakiwa ni yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na vya viwango vya Ulaya vina mstari wa kahawia. Ya karatasi iweke kwa siku ya grenda, ila iwe nzito, maana vumbi la faiba nalo si la kuvuta.

Kuhusu mati, chukua ya gramu 450 kwa mita mraba. Ya 300 ni nyepesi na inafaa kona na kumalizia, lakini ukijengea boti nzima utachoka bure. Tabaka moja la 450 hunywa takriban kilo 1 hadi 1.1 ya resini kwa mita mraba na hukupa unene wa karibu milimita 1. Kwa hesabu hiyo boti ya futi 18 inapigika hivi: sakafu mita mraba 3 kwa tabaka mbili ni mita 6 za mati. Viraka vya mwili, jumla mita mraba 1 kwa tabaka nne, ni mita 4. Mkuku, ambao husuguliwa na mchanga kila boti inapovutwa ufukweni, upe tabaka tano kwa ukanda wa sentimita 20 urefu wote, na hiyo ni kama mita 5.5 nyingine. Jumla mita mraba 15.5 za mati, sawa na kilo 7, na resini kilo 16 hadi 17. Ongeza asilimia 15 ya kumwagika, kugandia kwenye brashi na kukosea: nunua kilo 20 za resini na gramu 300 za hadina. Asetoni lita 5. Brashi nunua za bei ya chini nyingi, hutaziosha zote. Rola ya chuma yenye mifereji, hiyo nunua nzuri moja, kwa sababu ndiyo inayotoa hewa kwenye mati. Doa jeupe lililobaki baada ya kuganda ni hewa au mati iliyokosa resini, na dawa yake ni kulikata kwa grenda na kupiga upya.

Usipige zaidi ya tabaka tatu au nne kwa mfululizo sehemu moja. Joto la kuganda hujilimbikiza na faiba hupinda. Na usipige saa sita mchana juu ya boti iliyolala juani. Anza alasiri, joto likiwa linashuka. Asubuhi na mapema nako kuna umande, nao ni adui. Msimu wa masika, wakati unyevu hewani unapita asilimia 80 siku nyingi, kazi ya nje bila turubai ni kupoteza resini.

Lalamiko linalosikika sana ni kwamba resini hii haikauki, ukiigusa inanata. Mara nyingi resini haina kosa. Poliesta ya kujengea haina nta, na bila nta uso wake unaogusana na hewa hubaki na unata. Hiyo ni faida: tabaka linalofuata hushika kwa kemikali bila kupiga msasa, mradi usipitishe siku moja au mbili. Tabaka la mwisho ndilo linalotiwa nta iliyoyeyushwa kwenye stairini, ambayo hupanda juu na kufungia hewa nje, na linakauka kavu. Ukitia nta katikati ya kazi, tabaka la juu yake litabanduka kama ganda, isipokuwa upige msasa kwanza. Muulize muuzaji ana ipi kati ya hizo mbili. Akikujibu zote ni sawa, hiyo nayo ni habari kuhusu duka.

Sasa boti yenyewe. Boti ya uvuvi iliyotumika miaka kumi imelowa chumvi, mafuta ya injini na mafuta ya samaki, na hakuna resini duniani inayoshika juu ya hayo. Utaratibu ni maji baridi ya bomba na sabuni, kukausha, kitambaa chenye asetoni kinachobadilishwa mara kwa mara, na grenda baada ya hapo. Ukianza na grenda unayasukumia mafuta ndani ya faiba. Kupima unyevu hakuhitaji kifaa: bandika kipande cha nailoni angavu cha mita nusu kwa mita nusu kwenye mwili wa boti, ziba kingo zote kwa selotepu, kiache tangu asubuhi mpaka asubuhi. Ukikuta matone upande wa ndani, boti bado inatoa maji, isubiri. Malengelenge chini ya mstari wa maji yafungue moja. Likitoa majimaji yanayonata yenye harufu ya siki, ndani kuna kemikali iliyooza, na kupaka juu yake ni kulifunika tu. Lazima kuchimba, kuosha kwa maji mara nyingi na kukausha kwa wiki kadhaa.

Kiraka hakishiki kwa wingi wa tabaka, kinashika kwa upana wa mteremko. Kwa kila milimita 1 ya unene, teremsha kingo milimita 12. Mwili wa milimita 6 unataka mteremko wa milimita 72 kuzunguka tundu lote, umekatwa kwa diski namba 36 au 40. Wanaoanza huona uchungu kuchimba boti nzima kwa tundu la ukubwa wa ngumi, wanabandika mati juu ya rangi, na wimbi la kwanza linakitoa kikiwa kizima. Ukiwa na nafasi ya kufika ndani, piga kutokea ndani na kipande cha plaiwudi kilichopakwa nta kikiwa kimeegemezwa nje.

Mambo mawili ambayo resini hii haiyasamehe. Bodi fila ya magari chini ya maji hufyonza unyevu na kuvimba. Tengeneza fila yako kwa resini na unga wa silika, au acha shimo hadi upate. La pili ni yale maboksi meupe ya barafu ya samaki ambayo watu hukata na kujaza chini ya sakafu ili boti ielee: stairini huyayeyusha. Unamwaga resini juu, unasikia yanachurura, na kesho kuna pango. Povu la poliyurethani haliyeyuki, ila la zamani lililokwisha kunywa maji litoe lote, maana ni mzigo wa makumi ya kilo unaoubebea petroli kila siku.

Tezi ndipo poliesta inapofikia mwisho wake. Ndani ya ukuta huo wa nyuma kuna plaiwudi, na injini ya farasi 40 yenye uzito wa kilo 70 hivi inaning'inia juu yake. Maji huingia kupitia matundu ya bolti. Igonge kwa mpini wa nyundo: mahali pazima hulia mkavu, palipooza hulia bubu. Shika injini kwa chini uitikise ukiangalia kama ukuta unapumua. Toboa kwa ndani kwa keekee ya milimita 6, sehemu ya chini kabisa karibu na ngama, pale maji yanapotuama ndani ya boti. Unga ukitoka mweusi na umelowa, plaiwudi yote inatoka. Hakuna sindano ya resini itakayoirudisha.

Kwa nini isiwe poliesta? Kwanza hunywea inapoganda, karibu asilimia 7 ya ujazo wake, na kujivuta kutoka kwenye mbao. Pili haishiki mbao vizuri tangu mwanzo, na mbao za mafuta kama msaji haishiki kabisa. Epoksi hainywei kiasi cha kukusumbua na inaingia kwenye nyuzi. Ya chapa ya West System, ambayo ni rahisi kulinganisha nayo kwa kuwa maelezo yake yako kila mahali, huchanganywa sehemu 5 za resini namba 105 kwa 1 ya hadina namba 205 au 206. Ya 205 kwenye joto letu inaganda kabla hujamaliza kupaka ubao mmoja. Chukua 206, au 209 ambayo ni ya joto kali na huchanganywa 3 kwa 1. Hapa hadina haiongezwi ili kuharakisha: uwiano ukikosewa, inabaki mpira milele.

Jenga tezi kwa plaiwudi mbili za milimita 18 za daraja la BS 1088, kiwango cha plaiwudi ya baharini. Kiwango hicho kinahusu gundi na ubora wa tabaka, hakimaanishi mbao imetiwa dawa, kwa hiyo kingo zote na kila tundu lipakwe epoksi. Kipande ulichokata kichemshe saa moja: kikiachana, rudisha shuka dukani. Bandika mbili hizo kwa epoksi iliyotiwa unga wa silika mpaka iwe nzito kama siagi, bana kwa wastani tu usije ukaikamua gundi yote. Juu yake piga kitambaa kilichoshonwa cha nyuzi za kukingama, tabaka tatu, kikipanda kwenye kuta za ubavuni sentimita 15. Usitumie mati ya kawaida, kwa kuwa gundi inayoshikilia nyuzi zake imetengenezwa kuyeyushwa na stairini, na epoksi haina stairini. Kwa ukuta wa mita 1.5 kwa 0.6, tenga kilo 6 za epoksi. Bolti za injini ziwe za chuma cha pua 316. Toboa kubwa kuliko bolti, jaza epoksi, ikikauka toboa tena kwa kipimo chake, na funga kwa silanti ya poliyurethani.

Mpangilio wa kazi unatokana na hayo yote: poliesta kwanza, epoksi baadaye. Epoksi hushika juu ya poliesta kavu iliyopigwa msasa namba 80, lakini poliesta juu ya epoksi inabanduka, na jeli koti, lile tabaka la rangi la juu kabisa, nayo ni poliesta. Kabla ya rangi osha epoksi kwa maji matupu na sponji ya kusugulia, maana hutoa utelezi unaofanana na nta, kisha msasa. Rangi iwe ya poliyurethani ya kuchanganya, na isikose, kwa sababu jua huila epoksi iliyoachwa wazi.

Pesa ikibana, ahirisha jeli koti ya ndani, na sakafu imalizie kwa resini yenye nta na rangi kidogo. Mkuku nao unaweza kusubiri msimu ikiwa haujasuguliwa hadi kwenye nyuzi za faiba. Epoksi ya tezi usiipunguze hata kilo moja.