Fremu Ndogo au Kubwa? Mwongozo kwa Anayenunua Baiskeli ya Mitumba

Anayetafuta baiskeli ya mitumba Kisumu au Nakuru huchagua kati ya fremu zilizoko, si zile anazozitamani, na mara nyingi hubaki na mbili mbele yake: moja ndogo kidogo, nyingine kubwa kidogo. Kabla ya kuuliza bei, jipime. Simama ukutani bila viatu, bana kitabu kati ya mapaja hadi kiguse mfupa, kisha upime kutoka sakafuni hadi ukingo wake wa juu. Kwa baiskeli ya barabara, zidisha kipimo hicho kwa 0.67 upate ukubwa wa fremu kwa sentimita: mwenye sentimita 82 hupata takriban 55, naye yuko katikati ya fremu ya 54 na ya 56.

Ninaiweka ndogo mbele, kwa sababu upungufu wake hurekebishika. Bomba la kiti huinuliwa, na stemu, yaani kile kipande kinachoshika usukani, hubadilishwa: ya milimita 110 badala ya 90 huusogeza usukani mbele kwa sentimita 2 hivi. Bomba lisivutwe kupita alama ya mwisho iliyochongwa juu yake, kwani likibaki fupi ndani ya fremu linaweza kuipasua, na fundi akikwambia kwamba sentimita moja si kitu, usimkubalie. Ukinunua refu zaidi, lilingane kipenyo na la zamani, maana tofauti ya milimita 0.2 tu hulifanya likwame au lipwaye.

Kubwa inafuata, na inamfaa mwenye kiwiliwili na mikono mirefu. Simama juu yake, nyayo zote chini. Mtaimbo wa juu ukikugusa, iache hata kama bei ni nzuri, kwa sababu hakuna kifaa cha kuushusha. Stemu fupi itapunguza umbali wa usukani, lakini ikizidi ufupi baiskeli hugeuka kwa wepesi wa kutisha. Wengine husukuma kiti mbele ili waufikie usukani, na hapo mzigo huhamia magotini. Ukipanda kilima cha Riat, karibu na Kisumu, ukiwa umejinyoosha kupita kiasi, shingo na mabega yatakueleza mapema.

Ya mwisho ni Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma ya kizamani. Ni imara, na kwa kubeba mizigo kwenye tambarare za Kisumu sina neno nayo, ila ni nzito na fremu yake ni ndefu, kwa hiyo mtu mfupi hushusha kiti hadi mwisho na bado hafikii pedali vizuri.

Jaribio la kufanya papo hapo ni hili: kaa kitini, mtu akushikie baiskeli, uweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande mmoja. Kama ni lazima stemu au bomba libadilishwe, gharama hiyo iingie katika maelewano ya bei, na vifungwe kabla hujalipa.