Chipu kwenye nguo mpya: uikate au izimwe kaunta?

Mwaka 2003 ulitolewa wito wa kuisusia Benetton, kampuni ya nguo ya Italia, baada ya habari kwamba nguo zake zingetiwa chipu za RFID, yaani chipu ndogo zinazotambulisha bidhaa kwa mawimbi ya redio, na ubishi haujaisha. Chipu hizi hazina betri wala GPS. Husomwa na mashine iliyo umbali wa mita chache. Kinachonitia wasiwasi mimi ni namba ya utambulisho iliyo ndani ya chipu kuunganishwa na jina lako unapolipa kwa kadi.

Gharama si hoja: mkasi unao nyumbani, na kuizima ni amri tu ya mashine ya duka. Kwa uhakika, mkasi unashinda. Antena ile inayong'aa, utepe mwembamba wa chuma ulioungwa na chipu, unaitoa pamoja na chipu yake kwa mkono wako na kuitupa. Ikizimwa kaunta unaambiwa tu "tayari", nawe huna cha kuthibitishia.

Ila chipu iliyoshonewa ndani ya pindo? Hapo mkasi utaharibu nguo. Bora izimwe, kama duka lina utaratibu huo. Lebo ya karatasi, kata bila kuuliza mtu. Na kama huenda ukairudisha nguo, usiiguse kwanza, maana duka linaweza kuitafuta chipu hiyohiyo.