Pedali ya gitaa imenyamaza: multimita au waya wa kusikilizia?

Pedali, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gitaa, ikinyamaza, kasoro itafutwe kwa multimita (kipimo cha umeme) au kwa waya? Ubishi wa mafundi wa bendi hapa Mtwara hauishi. Kwa gharama, waya unashinda: kipande cha kebo ya gitaa kilichochomekwa kwenye amplifaya, na nchani kapasita ya nanofaradi 100, inayozuia umeme wa DC (kama wa betri) usiingie humo. Wewe piga nyuzi, mwenzako aguse saketi ya pedali kwa ncha ya waya, hatua kwa hatua tangu gitaa linapoingilia. Sauti inapopotea, kasoro ipo jirani. Raha sana, kusema kweli.

Ila waya hausemi kama volti 9 zinafika kwenye transista, kikuza sauti cha ndani ya pedali. Hapo multimita haina mpinzani, hata kunasa lehemu iliyoachia.

Matunzo? Chumvi ya bahari hula ncha za vyote; multimita inadai na betri.

Taa ya pedali haiwaki, anza na multimita. Inawaka lakini kimya, chukua waya.