Tahadhari: Projekta ya "Lumeni 9,500" Niliyouziwa Kariakoo

Ndugu zangu, naandika haya nikiwa na hasira ambayo siku tisa hazijaipunguza, na nikiwa na aibu inayoishinda hasira yenyewe, kwa sababu aliyepigwa safari hii si kijana aliyeshuka mjini jana bali ni mimi, niliyesimama mbele ya ubao miaka ishirini na minane nikifundisha Fizikia, na mada ya mwanga nikiifundisha kwa majigambo. Nimeuziwa kwa shilingi 380,000 projekta ambayo mchana, sebuleni kwangu, haionyeshi kitu. Naomba msome hadi mwisho kabla ya kucheka, ingawa najua wawili kati yenu mmeshaanza.

Yaliyoipata televisheni siku ile ya arobaini mnayajua na sitayarudia. Mke wangu alikwishaapa kwamba kioo kingine kikubwa hakiingii katika nyumba yenye wajukuu, na shemeji wa Morogoro alikuwa amenihakikishia kwamba projekta siku hizi zimeshuka bei kiasi cha mstaafu kuzimudu. Sebule yangu nayo mnaifahamu: madirisha mawili mapana yanayotazama machweo, kuta za rangi ya maziwa, na mlango ambao kwa joto la Tabata haufungwi mpaka jua lizame. Ndiyo maana swali la kwanza nililomuuliza muuzaji, kabla ya bei na kabla hata ya salamu kuisha, lilikuwa kama kitu hicho kinaonekana mchana, madirisha yakiwa wazi. Naomba jambo hilo likumbukwe, kwa sababu baadaye alidai kwamba sikuuliza.

Nilifikishwa dukani na winga, mmoja wa wale vijana wanaokupokea ukishuka tu kwenye daladala na kukuambia kwamba mzigo unaoutaka upo, ni ghorofa ya pili, ni hatua chache tu. Muuzaji alikuwa kijana nadhifu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi. Akaniita mzee wangu, akanivutia kiti, akamtuma mtoto maji ya baridi, na katika mazungumzo akaniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani kabla ya kustaafu. Nilipomjibu, mzee wangu ikafa palepale na nikawa Mwalimu. "Mwalimu, hata mama yangu ni mwalimu, mimi siwezi kukudanganya," alisema, huku akifuta lenzi ya projekta kwa kitambaa laini cha miwani, polepole, kwa mzunguko, kama mtu anayefuta uso wa mtoto mchanga. Kitambaa kile ndicho kilichonimaliza. Nilijiambia kwamba mtu anayejua lenzi inafutwaje ni mtu anayeiheshimu kazi yake.

Akanipeleka stoo, nyuma ya duka, tukipita kati ya maboksi ya redio. Palikuwa na pazia zito jeusi ambalo kingo zake zilibanwa ukutani kwa vibanio vya nguo, na nyuma yake ubao uliopakwa rangi nyeupe, ambao upana wake haukuzidi sana mkono wangu ulionyooshwa. Akazima taa "ili uone rangi zake halisi, Mwalimu". Nikaona kasuku mwekundu akitikisa manyoya, nikaona samaki wa rangi zote wakipishana, kisha nikaona embe limekatwa katikati na tone la maji likishuka juu ya nyama yake taratibu, taratibu, mpaka likadondoka. Ndugu zangu, lile tone nililiona kana kwamba ningeweza kulipokea kwa kiganja. Nilirudia swali langu la mchana, na nililirudia kwa sauti. Naye akaliinua boksi, akagonga kwa kifundo cha kidole mahali palipoandikwa lumeni 9,500, yaani kipimo cha wingi wa mwanga unaotolewa na mashine, akasema: "Zile za maofisini ni elfu tatu tu, Mwalimu, na watu wanatazama taa zimewaka. Hii ni mara tatu yake." Nikapiga hesabu kichwani, nikaona ni zaidi ya mara tatu, hesabu ikakubali, nami nikakubali pamoja nayo.

Mnaouliza kwa nini niliamini, nami najiuliza, lakini nisihukumiwe kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Kipimo kile kilikuwa kimechapishwa kiwandani juu ya boksi, wala hakikuandikwa kwa kalamu, na lumeni ni kizio nilichokiandika ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe, si neno la kubuni. Muuzaji hakunikimbiza. Alianza na 450,000, na niliponyanyuka kuondoka alishuka kwa kusitasita, akaniongezea waya wa HDMI na kistendi kidogo, akasema waranti ni mwaka mzima na nikipata tatizo nirudi kwake hata usiku. Nililipa kwa simu papo hapo. Nilipoomba risiti alisema mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, inasumbuliwa na mtandao, akaniandikia ya mkono, nami kwa haya ya kuonekana mzee msumbufu nikaikunja na kuitia mfukoni.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa mechi ya watani, Simba na Yanga, saa kumi na moja jioni, na mliokuwepo hamhitaji kusimuliwa, ila wengine wasome. Sebuleni tulikuwa watu kumi na mmoja, pilau limeiva, king'amuzi kimeunganishwa, projekta juu ya kigoda, na ukuta wa upande wa mlango umeachwa mtupu kwa ajili ya picha ya inchi 100 niliyoitangaza wiki nzima. Nikawasha. Ukutani pakatokea kitu mfano wa kanga iliyofuliwa miaka kumi na kuanikwa juani kila siku: kivuli kilichopauka, chenye mistari inayotembea. Mtangazaji tulimsikia vizuri kabisa akieleza mpira ulipo, lakini jezi nyekundu na jezi ya kijani zote zilikuwa kijivu, na mpira wenyewe hatukuuona hata mara moja. Baba mkwe wangu, ambaye kwa heshima hakusema neno kwa dakika kumi, hatimaye aliuliza kama macho yake ndiyo yamezidiwa. Tukatundika mablanketi na vitenge madirishani, tukafunga mlango, joto likapanda, feni ya projekta ikaunguruma kama mashine ya kusaga, jasho likatutoka, na bado picha haikutofautiana sana na ukungu. Kipindi cha pili wageni walihamia kwa jirani. Walikwenda na sahani zao.

Usiku giza lilipoingia niliijaribu tena, na hapo ikaonyesha picha, siwezi kusema uongo, lakini pembe zake zilikuwa na ukungu na dakika na matokeo juu ya skrini havikusomeka bila kusogea. Boksi limeandikwa 1080p, yaani picha yenye nukta 1,920 kwa 1,080. Mpwa wangu alipolichunguza alinionyesha kwamba neno linalotangulia namba hiyo linamaanisha projekta inapokea mawimbi ya 1080p, si kwamba inatoa picha ya 1080p. Kioo kidogo kilichomo ndani kina nukta 854 kwa 480, yaani chini ya nusu kila upande. Ni sawa na kumimina ndoo ya maji katika kikombe kisha kutangaza kwamba kikombe ni cha lita ishirini.

Nilirudi dukani Jumatatu. Nilikuta kiti changu kimekaliwa na mteja mwingine, naye alikuwa anafutiwa lenzi. Muuzaji hakunikana, ila jina la Mwalimu lilikuwa limekwisha na nimerudi kuwa mzee. Akasema kila mtu anajua projekta ni ya gizani, kwamba mimi ndiye niliyeitumia vibaya, kwamba risiti yangu imeandikwa mali ikiuzwa hairudishwi, na kwamba, akitaka kunisaidia, ana skrini maalumu ya mchana kwa 120,000. Yaani mtu aliyekuibia kuku anataka akuuzie na sufuria.

Hapo ndipo nilipofanya kile nilichopaswa kukifanya kabla ya kutoa fedha, nikasoma kijitabu chote. Ukurasa wa mwisho, kwa maandishi ambayo miwani yangu ya kawaida haikuyafikia, pameandikwa ANSI 180, yaani lumeni 180 kwa kipimo cha ANSI. Kipimo cha ANSI ni kile ambacho mwanga hupimwa katika sehemu tisa za picha nzima nyeupe na kuchukuliwa wastani wake, na ndicho cha kulinganisha mashine moja na nyingine, pamoja na kile cha kiwango cha kimataifa cha ISO 21118. Ile 9,500 haitokani na kipimo cha aina hiyo. Ni namba ya kupamba boksi. Picha ya inchi 100 ina eneo la takriban mita za mraba 2.76, kwa hiyo lumeni 180 zikitandazwa juu yake hutoa kama luksi 65, luksi ikiwa ni lumeni moja inayoangukia kila mita ya mraba. Nilipima ukuta wangu saa kumi na moja jioni kwa programu ya simu, na ingawa simu si chombo cha maabara, ilisoma karibu luksi 300 kabla projekta haijawashwa. Projekta haiwezi kurusha weusi. Weusi wake ni ukuta ambao haujamulikwa, na ukuta wangu wakati huo ulikuwa unamulikwa na jua. Kwa maneno mengine, sehemu nyeusi ya picha ilikuwa na 300 na sehemu nyeupe 365. Ndiyo maana Simba na Yanga walivaa jezi moja.

Na ule ubao wa stoo? Nimeukadiria kuwa picha ya inchi 40, eneo lake kama mita za mraba 0.44, kwa hiyo mwanga uleule ulibanwa ukafika karibu luksi 400, gizani, bila mshindani. Tone la embe lilikuwa la kweli. Kila alichonionyesha kilikuwa cha kweli, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kwamba nilidanganywa kwa mwanga halisi na kanuni niliyoifundisha mwenyewe.

Dalili zilikuwepo, nazitaja kwa haraka kwa kuwa mkono unatetemeka kuziandika. Boksi halikuwa na neno ANSI popote. Muuzaji hakukubali kuiwasha mbele ya duka, penye mwanga, akisema waya haufiki. Picha ya majaribio ilikuwa ndogo na ya rangi kali tupu, hakuna mpira wala maandishi. Jina lililotokea kwenye simu nilipolipa kwa Lipa Namba lilikuwa la duka la nguo za watoto. Risiti ya EFD haikutoka. Kwa sebule yenye mwanga kama yangu, projekta zile za madarasani na maofisini zenye ANSI 3,000 na kuendelea ndizo zingejaribu kushindana na dirisha, hata zikiwa zimetumika, na bado pazia lingehitajika. Kwa fedha niliyokuwa nayo, televisheni ya inchi 43 iliyotumika ingenitosha, na mke wangu angenisamehe kwa wakati wake.

Sasa nasema wazi kuhusu kijana huyu na wenzake. Huyu si mtu wa kuonywa kisha akaachwa, kwa sababu amelitengeneza giza lake kwa vibanio vya nguo makusudi, na mtu asiyejua anachokifanya hatengenezi giza. Leseni yake ifutwe. Atozwe faini inayouma, arudishe fedha ya kila aliyefikishwa nyuma ya pazia lile, na mzigo wake wote utolewe stoo uwashwe barabarani saa saba mchana, mbele ya mawinga wake, ili kila mpita njia aione hiyo lumeni 9,500 ilipo. Na kama ningepewa mimi nafasi ya kuongeza adhabu, ningemkalisha sebuleni kwangu kuanzia saa tisa alasiri, mablanketi madirishani, mlango umefungwa, atazame ligi nzima kwa mashine yake mwenyewe, kisha aulizwe matokeo. Mke wangu anasema nimezidi. Sijazidi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani, ile ambayo wengi tunaiita FCC, ipo kupokea malalamiko ya aina hii. Kama haitoshi kwa huyu, itamtosha nani?

Malalamiko yangu nimeshayaandika, kurasa mbili, nimeambatisha picha ya boksi, ya ule ukurasa wa mwisho wa kijitabu, ya risiti ya mkono na ya ujumbe wa malipo wenye jina la duka la nguo za watoto. Nitayapeleka Jumatatu asubuhi. Aliyewahi kukalishwa kwenye kiti kile na kuletewa maji ya baridi anitafute kabla ya Ijumaa, aje na boksi lake na risiti yake hata kama ni ya mkono, ili jina langu lisiende peke yake. Projekta yenyewe iko juu ya kabati. Naomba asije mtu kuniuliza kama naiuza.