Koti la upepo kwa mwendesha pikipiki wa nyanda za baridi: lipi ununue kwanza

Kipupwe kikikaribia, waendesha pikipiki wa Njombe, Makete, Mbeya na Mufindi huingia mnadani kutafuta koti nene, na wengi hutoka na koti lisilowafaa. Unene peke yake haukingi upepo. Sweta zito la sufu linakupa joto kwa sababu nyuzi zake zimeshika hewa iliyotulia karibu na mwili. Ukiwa umesimama kijiweni, hewa hiyo inabaki pale pale. Ukishafika kilomita 60 kwa saa, upepo unapenya kati ya nyuzi na kuifukuza yote, na sweta linakuwa mzigo tu begani. Kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kwa swali moja: kwa fedha ndogo uliyonayo, ni vazi gani litauzuia upepo usiifikie sweta ambayo tayari unayo nyumbani?

Kwa anayedhani naukuza upepo, kuna kanuni wanayoitumia wataalamu wa hali ya hewa wa Kanada na Marekani kukadiria baridi inayosikika kwenye ngozi iliyo wazi. Hewa ikiwa nyuzi 10 za Selsiasi nawe uko kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ngozi inasikia kama nyuzi 5. Hewa ikiwa nyuzi 5, ngozi inasikia kama imeshuka chini ya sifuri, karibu nyuzi 2. Asubuhi za namna hiyo si ngeni kwa watu wa Kitulo, ambako mwezi Julai majani huamka yamefunikwa na sakitu.

Nafasi ya kwanza: jaketi jepesi la nailoni au poliesta, la mtumba

Hili ndilo ningemwambia kila mtu anunue kwanza. Ni jaketi lile jembamba lenye kitambaa kilichofumwa kwa kubana, ambalo Wazungu hulivaa kupanda milima au kukimbia kwenye mvua nyepesi. Mnadani halina heshima kwa sababu ni jembamba, hivyo wauzaji wengi huliachia kwa bei ya chini kuliko koti zito lililo pembeni yake. Likivaliwa juu ya sweta linafanya kazi ambayo sweta mbili haziwezi. Na unaweza kulivua ukalikunja likaingia chini ya kiti.

Jambo hilo la kuvua lina maana kubwa kwa safari zetu. Anayetoka Chimala na kupanda kona 57 kwenda Matamba na uwanda wa Kitulo anaanza kwenye joto la Usangu, halafu anapanda zaidi ya mita 1,000. Kwa kila mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Aliyevaa koti moja zito tangu chini atatoka jasho njiani, na jasho hilo hilo ndilo litakalomgandisha juu.

Namna ya kulichagua: weka kitambaa mdomoni, upulize kwa nguvu huku kiganja kikiwa upande wa pili. Ukisikia pumzi yako kiganjani, lirudishe. Kisha geuza ndani nje. Majaketi mengi ya mtumba yamepakwa utando wa kuzuia maji upande wa ndani, na utando huo ukizeeka hubanduka kama magamba na kunata. Likishaanza kubanduka halina dawa. Tazama zipu: iwe na kipande cha kitambaa kinachoifunika, maana upepo hupita katikati ya meno ya zipu na kukuchoma kifuani mstari mmoja mrefu. Mwisho wa mikono uwe na lastiki au kifungo cha kubana, na kola ifike kidevuni.

Halafu fanya jambo ambalo wanunuzi wengi wanaona aibu kulifanya mbele ya watu: chuchumaa kidogo, nyoosha mikono mbele kama umeshika usukani. Koti lililokutosha ulipokuwa umesimama sasa litakuwa limepanda mgongoni na mikono imefupika. Chukua saizi moja zaidi, ili na sweta ipate nafasi. Ukilibana sana unaikandamiza ile hewa inayokupa joto.

Nafasi ya pili: koti la mvua lenye suruali yake

Hapa nazungumzia seti ya plastiki nzito au nailoni iliyopakwa mpira. Upepo haupiti kabisa. Kama huna kitu chochote na unaendesha kwenye mvua pia, anza na hili badala ya lile la kwanza. Thamani yake kubwa kwangu ni ile suruali. Watu hufunika kifua na kusahau magoti, ambayo ndiyo yanayopokea upepo saa zote, na jinzi hupitisha baridi vibaya sana.

Ubaya wake ni jasho. Halitoki, linarudi kwenye fulana, na ukisimama dakika chache unaanza kutetemeka. Vaa ndani kitu cha sufu au flisi, usivae pamba, kwa kuwa pamba ikilowa haikauki upesi. Pia kagua mishono ya mapajani kabla ya kulipa, maana ndipo seti za bei rahisi zinapopasukia. Na upande wa ekzosi ukunje suruali vizuri: plastiki ikigusa bomba lenye moto inayeyuka, na ikigusa ngozi ya mguu baada ya kuyeyuka jeraha lake ni baya.

Nafasi ya tatu: vifuniko vya mikono vya usukani

Si koti, lakini navipandisha hadi hapa kwa sababu ya usalama. Vidole vilivyokufa ganzi vinachelewa kuvuta breki ya mbele. Vile vifuniko vya reksini (ngozi bandia) vyenye manyoya ndani, vinavyofungwa kwenye usukani, vinashinda glavu nyingi za bei nafuu, kwa kuwa vinazuia upepo kabla haujaufikia mkono. Fundi cherehani anayeshona viti vya pikipiki anaweza kukushonea. Sharti langu ni moja: mkono uingie na kutoka bila kukwama, na uweze kuvuta klachi na breki hadi mwisho. Vikiwa vimelegea hadi vinagusa mkono wa breki wakati unaendesha, usivitumie.

Nafasi ya nne: koti la ngozi

Ngozi halisi ni kinga nzuri ya upepo, na ukianguka lamini inaokoa ngozi yako kuliko vitambaa vyote nilivyotaja. Kilichoishusha ni bei, uzito, na ukweli kwamba ikilowa inachukua siku kukauka. Tatizo kubwa zaidi ni kuuziwa reksini ukidhani ni ngozi. Tafuta ukingo ambao haujashonewa bitana, utazame upande wa nyuma: ngozi ina nyuzinyuzi kama suede, reksini ina kitambaa kilichofumwa. Reksini nayo inazuia upepo ikiwa mpya, ila hupasuka kwenye viwiko na kuanza kuchunika, kwa hiyo usiilipie bei ya ngozi.

Mwenye fedha za kutosha asiishie hapa. Jaketi lililotengenezwa kwa ajili ya pikipiki, lenye pedi za mabega na viwiko, linastahili kununuliwa kabla ya yote. Sikulipangia nafasi kwa kuwa bei yake iko mbali na tunayozungumzia.

Nafasi ya mwisho: sweta la kofia, flisi na koti nene la manyoya

Hizi ndizo zinazouzwa sana. Zote ni nguo nzuri za ndani, hafifu zikiwa nje. Koti lililojazwa manyoya ya ndege ni afadhali kidogo, maana ganda lake ni nailoni, lakini likilowa manyoya yanashikamana na joto linakwisha.

Kwa ambaye hana hela ya kuongeza chochote wiki hii, kuna mambo mawili ya bure. La kwanza ni kuvaa koti mbele nyuma, zipu ikae mgongoni, kama wafanyavyo bodaboda wengi huku kwetu, na hata kule Limuru, Kenya. Upepo unakuta kitambaa kizima. La pili ni gazeti: kurasa kadhaa zikikunjwa na kuwekwa kati ya fulana na sweta zinazuia upepo kifuani kwa ajabu. Waendesha baiskeli wa Tour de France walikuwa wakipewa magazeti kileleni kabla ya kuteremka milima. Mfuko wa rambo ungefaa pia, lakini Tanzania iliupiga marufuku tangu Juni 2019, na gazeti linanyonya jasho.

Skafu na khanga shingoni ziingie ndani ya koti kabisa, na abiria naye mwambie akusanye ncha za kitenge chake kabla hujaondoka. Kitambaa kinachopeperuka kikishikwa na cheni au spoku, hakuna muda wa kukivuta. Kizibao cha kuakisi mwanga kivaliwe juu ya yote, kwa sababu asubuhi za kipupwe zina ukungu na majaketi mengi ya mtumba ni meusi.

Ununuzi wenyewe ufanye mapema, Machi au Aprili, kabla wenzako hawajaanza kutetemeka na wauzaji hawajagundua.