Mgahawa wenye matawi ukihama mfumo wa masoko: njia tano, kuanzia ninayoipendekeza hadi ya kuachana nayo

Mwishoni mwa Desemba 2023 Jumia Food, programu ya kuagiza chakula, ilifunga huduma zake katika nchi zote ilizokuwa imebaki, Kenya na Uganda zikiwemo. Migahawa iliyozoea kupata oda kupitia kwake ilibaki na jiko, wapishi na menyu. Wateja hawakubaki, kwa sababu majina, namba za simu na kumbukumbu za nani hupenda nini vilikaa kwa mwenye programu. Machi 2024 Google nayo ikazima tovuti za bure zilizotengenezwa kupitia wasifu wa biashara, na miezi michache baadaye anwani zilizochapishwa kwenye menyu na vipeperushi zikawa hazina kazi.

Ndiyo maana mpangilio huu wa mifumo ya masoko, yaani ya kutunza wateja na kuwatumia ofa, hauanzi na uzuri wa dashibodi wala bei ya mwezi. Swali la kwanza kwa muuzaji ni moja: siku nikiondoka, natoka na nini? Ninayemfikiria ni mwenye matawi matatu hadi kumi na tano hivi, Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi au Kampala. Mwenye tawi moja aruke moja kwa moja hadi nafasi ya tano, huenda inamtosha.

Nafasi ya 1: orodha ni yako, njia za kutuma unakodi

Unakuwa na orodha moja ya wateja mahali panapomilikiwa na kampuni yako, iwe hifadhidata ndogo au programu ya kawaida ya kutunza wateja inayokubali kutoa kila kitu kwa faili la CSV (jedwali la maandishi tupu). Kisha unaiunganisha na kampuni ya SMS upande mmoja, na mtoa huduma wa WhatsApp API (WhatsApp inayotuma kupitia mfumo, si kupitia simu ya mtu) upande mwingine. Kwa SMS zipo kampuni za hapahapa kwetu, kama Africa's Talking ya Nairobi na Beem ya Dar es Salaam. Kampuni ikikuudhi unaibadilisha, orodha inabaki palepale.

Si njia ya mteremko. Inataka mtu mmoja makao makuu ambaye hiyo ndiyo kazi yake, si dada wa kaunta akipata nafasi.

Kwenye SMS, angalia jina la mtumaji. Lile jina la mgahawa linalotokea badala ya namba husajiliwa kwenye mitandao ya simu kupitia kampuni inayokutumia meseji. Ukihama kampuni, usajili unaanza upya, na hauishi kwa siku moja. Omba jina kwa kampuni mpya kabla hujavunja mkataba wa zamani.

Halafu kuna jambo dogo linalokula pesa kimyakimya. SMS moja ya kawaida inabeba herufi 160. Ukiweka hata alama moja isiyo kwenye seti ya kawaida ya herufi za simu, kiwango kinashuka hadi 70, na meseji ikikatwa vipande kila kipande kinabeba 67 tu. Watu wanajua kwamba emoji inafanya hivyo. Wasichojua ni kwamba mtu wa masoko akiandika ofa ya supu ya ng'ombe kwenye Word, kile kialama cha juu kinajipinda chenyewe, na kilichopinda hakimo kwenye seti hiyo. Meseji ya herufi 140 iliyokuwa ya kulipiwa mara moja inalipiwa mara tatu. Zidisha kwa wateja elfu nane. Baadhi ya kampuni hurekebisha herufi hizo zenyewe kabla ya kutuma. Kwenye majaribio, tuma ofa yenye "ng'ombe" iliyonakiliwa kutoka Word uone umekatwa kiasi gani.

Kwenye WhatsApp, angalia namba ni ya nani. Akaunti ya biashara ya Meta, wenye WhatsApp, isajiliwe kwa jina la kampuni yako na wewe uwe msimamizi. Mawakala wengi hupenda kuifungua kwa jina lao eti wakurahisishie. Ikiwa yako, namba inahamishika kutoka mtoa huduma mmoja hadi mwingine: unazima uthibitishaji wa hatua mbili, jina linaloonekana kwa mteja linahama na templeti (meseji za mfano zilizoidhinishwa na Meta) zinahama. Mazungumzo ya zamani hayahami, kwa hiyo malalamiko yanayosubiri majibu yamalizwe kwanza.

Upande wa gharama, tangu 1 Julai 2025 WhatsApp hutoza kwa kila templeti inayofika, bei ikifuata msimbo wa nchi wa mpokeaji. Mteja akikuandikia yeye kwanza, una saa 24 za kumjibu bila Meta kukutoza kitu kwa majibu ya kawaida. Mpango wa busara basi ni kumfanya mteja aanze: karatasi mezani yenye msimbo wa QR, "tuandikie SINZA upate menyu ya leo". Na kama una wateja wa ughaibuni wanaokuja likizo, kumbuka kwamba Aprili 2025 Meta ilisitisha templeti za matangazo kwenda namba za Marekani. Hao watafute kwa barua pepe.

Nafasi ya 2: sehemu ya masoko ndani ya mfumo wa mauzo ulio nao

Kashia anaomba namba wakati wa kulipa, mfumo unajua umekula nini, saa ngapi, tawi gani. Hakuna data iliyo safi kuliko hiyo, na ingestahili nafasi ya kwanza kama si suala la kutoka.

Mwambie muuzaji atoe faili mbele yako, kwenye kompyuta yake, si kwenye picha za matangazo. Linatakiwa liwe na namba kamili, tarehe ambayo mteja alikubali kutumiwa ofa, tawi, na pointi zilizobaki. Mifumo mingine hutoa majina na namba tu, pointi zinabaki ndani. Mteja mwenye pointi 900 akiambiwa ana sifuri atagombana na kashia wako wa Mikocheni, si na aliyetengeneza mfumo.

Kama mfumo wako wa mauzo hauna sehemu hiyo, usiubadilishe kwa ajili ya masoko peke yake. Risiti zako zimefungamana na mifumo ya kodi, EFD za TRA kwa Tanzania au eTIMS ya KRA kwa Kenya, na tawi lisiloweza kutoa risiti Ijumaa usiku lina tatizo kubwa kuliko ofa ya chipsi.

Wengine hudhani orodha itajijenga yenyewe kupitia malipo ya simu. Kenya njia hiyo imebanwa: kuanzia 2022 Safaricom ilianza kuficha namba za wanaolipia M-Pesa kwa wafanyabiashara. Na hata pale unapoiona namba, mtu aliyelipia wali kuku hajasema anataka meseji zako.

Nafasi ya 3: majukwaa ya barua pepe yanayofanya na mengine

Brevo, Mailchimp na wenzao. Kutoka ni rahisi, faili linashuka kwa dakika chache. Tatizo ni kwamba mteja wa mishkaki ya Sinza hafungui barua pepe. Wa hoteli za Masaki, ofisi zinazoagiza chakula cha mikutano na watalii wa Nungwi wanafungua. Ukiwa na wateja wa aina hiyo, panda nafasi moja.

Soma wanavyohesabu. Mailchimp huhesabu hata waliojitoa kwenye orodha hadi uwahifadhi pembeni, Brevo inaangalia zaidi idadi ya barua unazotuma. Kabla ya kuhama, SPF, DKIM na DMARC, yaani rekodi zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, ziwe zimewekwa kwenye jina la tovuti yako. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanazidai kwa watumaji wakubwa. Usiitumie orodha yote siku ya kwanza. Anza na waliofungua barua za karibuni, uongeze taratibu.

Nafasi ya 4: mifumo mikubwa ya migahawa kutoka ng'ambo

SevenRooms, Punchh, Olo. Ni mizuri, na kwa kundi lenye tawi Dubai au London ningeipandisha juu. Imejengwa kwa mteja anayeweka nafasi mtandaoni na kulipa kwa kadi. Wako analipa kwa lipa namba na kuagiza kwa kupiga simu. Uliza inaunganaje na M-Pesa, Airtel Money na Mixx by Yas. Jibu likiwa "tunaifanyia kazi", funga ukurasa. Uliza pia nani atamiliki kampuni mwaka kesho: Punchh ilinunuliwa na PAR, kampuni nyingine ya mifumo ya migahawa, mwaka 2021, na Mei 2025 DoorDash, kampuni ya Marekani ya kupeleka chakula, ilitangaza kuinunua SevenRooms kwa takriban dola bilioni 1.2.

Nafasi ya 5: WhatsApp Business kwenye simu ya meneja

Orodha ya kutuma kwa pamoja inabeba watu 256, na inawafikia tu walioihifadhi namba yako. Kwa kibanda kimoja, sawa kabisa. Kwa matawi manne ni simu nne, laini nne, pengine moja imesajiliwa kwa kitambulisho cha meneja aliyeacha kazi Machi. Kama uko hapa, hama sasa.

Faili lenyewe

Uhamaji mwingi unaharibikia kwenye Excel. Unafungua faili, namba 0754 inakuwa 754 kwa sababu sifuri ya mbele imeliwa. Namba zilizoanza na 255 zinageuka 2.55E+11, na ukihifadhi zikiwa hivyo tarakimu za mwisho zinapotea moja kwa moja. Usifungue kwa kubofya mara mbili. Ingiza data ukichagua safu ya namba kuwa maandishi, kisha geuza zote ziwe na msimbo wa nchi: +255, +254, +256. Kenya, usikubali kichujio kinachotaka kila namba ianze na 07. Zipo za 01 tangu 2019, na hao ni wateja kama wengine.

Safu ya tawi ndiyo itakayokusumbua. Mtu mmoja yuko kwenye orodha ya Mlimani na ya Mbezi kwa majina mawili, "Mama Neema" na "Neema M.". Unganisha kwa namba, si kwa jina, na mpe tawi alilokula mwisho. Bila hilo mkazi wa Mbezi ataalikwa chakula cha mchana Posta.

Waliojitoa wahamishwe kabla ya mtu mwingine yeyote. Mifumo mingi, ukitoa faili, inakupa waliopo tu. Waliosema hapana wako kwenye faili jingine ambalo usipoliomba hulipati. Tanzania, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ilianza kutumika 1 Mei 2023 na ina tume yake. Kenya ina ya 2019. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data Nairobi iliitoza sehemu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Asiye na tarehe ya ridhaa kwenye orodha yako, muulize upya mara moja. Akikaa kimya, mwache.

Lini

Si Desemba, si wiki ya Valentine, na kwa watu wa pwani si Ramadhani, maana oda za futari hazisubiri mtu ajifunze dashibodi. Baada ya mwaka mpya, Januari watu wakiwa hawana pesa, matawi yametulia na makosa yako yataonekana na wachache. Anza na tawi lenye meneja mwepesi wa kulalamika; huyo atakuambia kila kasoro.

Mfumo wa zamani usiuzime siku unayowasha mpya. Lipia mwezi mwingine, ufunge kutuma, uache kupokea. Watu wataendelea kujibu "ACHA" kwenye meseji za zamani, na mtu azisome kila asubuhi akizihamishia kwenye orodha mpya hadi wiki nzima ipite bila hata moja.