Hela ya kila mwezi au akiba ya mtoto, ipi inazibeba familia za weusi Marekani?
Hela ya watoto ya 2021, ile serikali ya Marekani iliwapa wazazi, ilikuwa inaingia kila mwezi kuanzia Julai, dola 300 kwa mtoto wa chini ya miaka 6, wakubwa 250, umaskini wa watoto ukashuka mpaka asilimia 5.2, halafu wakaikata na 2022 ukaruka mpaka 12.4, yani inauma sana. Akiba nayo, jimbo la Connecticut wao wanamwekea mtoto wa familia ya kipato cha chini dola 3,200 akizaliwa, anachukua kuanzia miaka 18, asome, anunue nyumba au afungue biashara. Sasa kodi ya nyumba inasubiri miaka 18 kweli? Ila pengo la mali, 2022 familia ya wazungu iliyo katikati kabisa kwa mali ilikuwa na dola 285,000, ya weusi 44,900, hilo hela ya matumizi ya kila mwezi haiwezi kuliziba. Mi ningeanza na ya kila mwezi.